Ufunguo wa K.B.N.: Safari ya Shinyanga hadi Geita

Mtu ashukaye garimoshi la Tabora katika stesheni ya Shinyanga hulakiwa kwanza na vumbi, kisha ndipo na watu. Nilishuka hapo mwezi Septemba mwaka 2025, kiangazi kikiwa kimekausha kila kilichoweza kukauka, na vilima vya mawe vikionekana kwa mbali kama mifugo iliyolala. Nilikuwa na begi moja la nguo. Katika mfuko wa koti mlikuwa na ufunguo mdogo wa chuma, wenye mabawa mawili mfano wa kipepeo, usiofungua mlango wowote hapa duniani.

Ufunguo huo nilikuwa nikiupeleka Geita kwa kaka yangu, ambaye sikuwa nimeonana naye kwa miaka kumi na moja.

Nilizaliwa katika kota za reli za mji huu. Marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, asili yake Ujiji, alikuwa mnyapara wa genge la njia: kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma tangu alfajiri, akigonga vyuma kwa nyundo na kusikiliza sauti yake, maana chuma kizima hulia na chuma chenye ufa hukohoa. Alikuwa na msemo wake kuhusu reli ya nchi hii: Dar es Salaam hadi Kigoma ni ya Mjerumani, Tabora hadi Mwanza ni ya Mwingereza, na jasho lote ni letu. Alikuwa sahihi. Wajerumani walianza njia ya kati mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita vilivyowanyang'anya nchi. Tawi la kupitia Shinyanga lilifika Mwanza mwaka 1928, chini ya Waingereza. Kampuni ya Philipp Holzmann iliyoijenga ile njia ya kati nayo ilifilisika mwaka 2002, lakini njia ile yenye upana wa mita moja ingali inapitisha watu, na mimi nilikuwa mmoja wao usiku huo.

Tulipokuwa watoto, mashine zilizopita hapa zilikuwa za mvuke. Baba alizijua kwa sauti kabla hazijatokeza. Baadhi zilikuwa na majina ya makabila yetu, yameandikwa kwenye vibao ubavuni. Moja iliyoitwa Nyaturu, kwa jina la jirani zetu wa Singida, imehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Hiyo na dada zake ziliundwa Glasgow katika miaka ya 1955 na 1956, na kiwanda kilichoziunda kilifilisika mwaka 1962. Kwa hiyo wakati mimi nasimama kando ya njia na kaptura yangu, mwaka 1972, nikiona dude lile linapumua kama ng'ombe aliyechoka, aliyelizaa alikuwa tayari amekufa miaka kumi nyuma. Sikulijua hilo. Mtoto hudhani kila kitu alichokikuta kina mwenyewe mahali fulani.

Mwaka huohuo mwenye duka mmoja wa Kihindi alikuwa akihama, akauza vyombo vya nyumbani barazani. Baba alikwenda kutafuta sufuria, akarudi na treni.

Ilikuwa ya bati, yenye urefu wa kiganja na nusu, na behewa mbili. Rangi yake ya kijani haikupakwa kwa brashi. Picha zote, hata misumari ya kuchora na dirisha lenye kivuli cha dereva, zilichapwa juu ya bati lingali bapa, ndipo likakatwa na kukunjwa. Hapakuwa na tone la risasi la kuunganishia. Kila upande wa bati ulikuwa na masikio madogo yaliyopenyezwa kwenye vitundu na kulazwa kwa ndani. Ndani yake mlikuwa na kamani kama ya saa ya mezani, na magurudumu ya meno ya shaba. Ukitia ufunguo ubavuni na kuzungusha, treni ilikwenda kutoka mlangoni hadi chini ya kitanda cha mama, ikilia kwa namna ambayo sijaisikia tena katika kitu chochote cha kuchezea.

Chini yake kulikuwa na herufi tatu: K.B.N. Kaka yangu, aliyenizidi miaka mitano, aliamua kuwa ni Kigoma, Bukene na Nyanza. Tuliridhika. Njia ilikuwa yetu, basi na treni ilikuwa ya njia hiyo. Kulikuwa pia na maneno ya Kiingereza yaliyosema imetengenezwa Ujerumani, katika eneo la Wamarekani, na hayo yalimshinda hata mwalimu wetu.

Miaka mingi baadaye binti wa dada yangu, anayesoma Ujerumani, ndiye aliyenifumbulia. Herufi zile ni Karl Bub, Nürnberg. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1851 katika mji uliokuwa makao ya mafundi wa vitu vya kuchezea. Hapo hapo palikuwa na kiwanda cha ndugu wa Bing, kilichopata kuwa kikubwa kupita vyote duniani katika kazi hiyo, kikafa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Na eneo la Wamarekani ni nchi ya Ujerumani ilipokatwa vipande vinne baada ya mwaka 1945. Nürnberg iliangukia kipande cha Marekani. Kwa hiyo treni yetu ilitengenezwa katika miaka ile ya baada ya vita, katika mji uliokuwa umepondwa na mabomu. Hilo hunishangaza kila nikilifikiri: watu wamezungukwa na vifusi, wanakaa chini na kuhakikisha dirisha la treni ya mtoto lina kivuli cha dereva.

Kampuni ya Bub ilifungwa mwaka 1966. Plastiki na umeme vilikuwa vimekwisha kushika soko.

Mwaka 1966 una jambo jingine huku kwetu. Mgodi wa dhahabu wa Geita, uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 na kuwa mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, ulifungwa mwaka huohuo. Mafundi wake wakatawanyika. Nitalirudia hili, maana bila mmoja wao nisingekuwa na la kuandika.

Shinyanga sikukaa. Nilisali adhuhuri katika msikiti wa mjini, nikapita kuzitazama kota, nikakuta choo chetu cha zamani kimekuwa kibanda cha kuku. Nikapanda basi la Mwanza. Kando ya barabara unaona tuta la reli mpya ya kisasa, sehemu ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, inayojengwa na Wachina. Naitakia kheri. Natamani tu kwamba katika vijana wanaoajiriwa pale wawepo wanaofundishwa kufungua mashine hizo, si kuzibonyeza tu. Tulipita Maganzo, jirani na almasi za Mwadui alizozigundua Williamson mwaka 1940, abiria wenzangu wakiwa wamelala.

Zamani kutoka Mwanza kwenda Geita ulikuwa unangoja kivuko pale Kigongo, na kungoja huko kuliwapatanisha watu wengi wasiojuana. Sasa kuna daraja la kilomita tatu na ushei, lililofunguliwa mwaka huohuo wa 2025. Basi lilivuka ghuba kwa dakika chache. Nilikuwa nimejipangia kutumia muda wa kivuko kutafuta maneno ya kumwambia kaka, na daraja likaninyang'anya muda huo.

Maneno yenyewe ni haya. Mwaka 1973, nikiwa na miaka tisa, nilitia ufunguo treni kupita kiasi. Nilitaka ifike jikoni. Nilisikia mlio mkali ndani, kama kidole kinachovunjwa, kisha ufunguo ukazunguka bure. Niliirudisha mahali pake. Jioni baba alipoiona haiendi aliuliza nani, na mimi nikanyamaza. Kaka alikuwa mkubwa, kwa hiyo alichapwa yeye. Treni ikawekwa juu ya kabati, ikakaa huko hadi baba alipofariki mwaka 2014. Mirathi iligawanywa kama sheria ya dini inavyoelekeza, na hakuna aliyenung'unikia fungu lake. Treni haikuhesabiwa. Kaka aliichukua mbele ya macho yangu bila kuuliza, akaifunga kwenye kanga ya mama na kuondoka. Hakujua kuwa ufunguo nilikuwa nao mimi. Niliuficha makusudi. Mtu mzima wa miaka hamsini, nina wajukuu, nikaficha ufunguo wa treni ya bati.

Geita ni mji wa vilima na kelele. Mgodi mkubwa ulifunguliwa upya mwaka 2000 na magari yake hayaonekani sana mjini, lakini wachimbaji wadogo unawasikia kabla hujawaona: makarasha yanayosaga mawe hulia mchana kutwa, na vumbi lake jeupe hukaa hadi kwenye nyusi za watu. Kaka alihamia huku katika miaka ya 1980, vijana walipoanza kumiminika kwenye maduara. Yeye hakuchimba. Alikwenda kwa mzee mmoja aliyejifunza ufundi katika mgodi wa zamani kabla haujafungwa, akamwomba amfundishe. Mzee yule alikuwa anatengeneza chochote: pampu, mizani, cherehani, saa za ukutani. Mpaka leo kaka anaishi kwa ujuzi huo. Karasha likinyamaza usiku, huamshwa yeye.

Nilimkuta barazani mwa karakana yake, miwani imefungwa kwa uzi.

"Assalaam alaykum. Shikamoo kaka."

"Waalaykum salaam. Marahaba." Akanitazama kwa muda. "Umekonda. Shemeji yako amepika."

Tulikula kimya. Baada ya alasiri nilitoa ufunguo mfukoni na kuuweka mezani. Hakuuliza nimeupata wapi. Alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na ile kanga.

Treni ilikuwa safi kuliko nilivyoikumbuka. Aligeuza tumbo lake na kunionyesha. Masikio ya bati yalikuwa manane. Sasa yamebaki matano. "Kila ukilifungua moja na kulilaza tena linachoka," alisema. "Mara ya tatu au ya nne linakatika. Kwa hiyo hii hufunguliwi kwa hamu ya kuchungulia. Unaifungua ukiwa unajua unakwenda kufanya nini."

Alikuwa ameifungua miaka mingi iliyopita. Kamani haikuwa imeharibika yote. Ncha yake ya ndani ndiyo iliyokatika, pale penye kitundu kinachoshikwa na ndoana ya mhimili. Aliipasha moto ile ncha peke yake hadi ikalainika, akatoboa kitundu kingine, akairudisha. Kamani ikawa fupi kwa upana wa ukucha. Mzee wake alimfundisha hivyo kwa saa za ukutani: ukiipasha moto kamani yote umeiua, ukiipasha ncha umeiponya. Aliyetengeneza treni hii, aliniambia, alijua kuwa siku moja itavunjika, na akamwachia mlango mtu asiyemjua. Nikamweleza habari za Karl Bub, na za mwaka 1966. Alizifurahia, ila kwa Kigoma, Bukene na Nyanza alikataa kata kata kubadili.

"Na miaka yote hii umeiendesha kwa nini?" nikauliza.

"Kwa plaizi. Naukamata mhimili, nazungusha. Ila unaulaza meno. Nikaacha."

Nilitazama, nikaona chuma cha mhimili kimekwaruzika kweli, kwa sababu yangu, mara ya pili. Wajukuu wake watatu walikuwa wamekuja mlangoni. Mmoja alisema huyo ndiye babu wa Dar. Kaka akawaambia wakae chini ya ukuta na wasimguse mtu.

Alinisogezea treni.

"Tia wewe."

Ufunguo uliingia bila kusukumwa. Nilianza kuzungusha, na mlio ule ukarudi, meno madogo yakihesabu ndani ya bati. Nilikuwa sijazungusha mara nne niliposema, "Kaka, siku ile baba alipokuchapa, ni mimi niliyeivunja."

Yeye alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza, kama baba alivyokuwa akisikiliza reli.

"Umefika ngapi?" akauliza.

"Nane."

"Acha hapo. Ni fupi sasa."

Nikaiweka sakafuni, nikaiachia kuelekea kwa watoto.