Barua kutoka China: Aliyefungiwa Chuoni Hakuwa Likizoni

Ndugu zangu wa Malindi na Kilifi,

Yako maneno yanayonichoma, na kwa kuwa bado yanasemwa kwenye mabaraza ya huko, leo nayajibu. Husemwa kwamba watoto wetu waliofungiwa vyuoni huku China miaka ile ya korona walideka tu. Chakula wanapata, intaneti wanayo, ada imelipwa na wafadhili. Walilia nini, na Kilifi nzima ilifungwa watu wakalala njaa? Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanapotosha.

Ukweli wenyewe naukubali. Aprili 2020 serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuingia na kutoka Kilifi, hadi Juni, hoteli za Malindi na Watamu zilikuwa tupu, na wapishi, madereva wa tuktuk na wauza vinyago wakabaki mikono mitupu. Mwanafunzi wa huku hawezi kudai kwamba tumbo lake liliumia kuliko yao. Lakini tazameni ukuta ulikuwa wapi. Wenu ulikuwa mpakani mwa kaunti, na ndani yake mtu alibaki na ua wake, jirani wa kumpigia hodi, mama wa mahamri na mbaazi asubuhi. Ukuta wa mwanafunzi ulikuwa lango la chuo, na mambo yalipokaza ukawa mlango wa chumba. Nyinyi mlifungiwa pamoja na watu wenu. Yeye alifungiwa mbali na watu wake.

Halafu kuna muda. Wuhan ilifungwa tarehe 23 Januari 2020 ikafunguliwa 8 Aprili, siku 76, na ndani yake walikuwemo wanafunzi wa Kenya wapatao 100. Misri, Algeria na Morocco zilituma ndege kuchukua watu wao, wetu walibaki. Huko nyumbani wengi hudhani mambo yaliishia hapo. Wapi! Vyuo vingi viliendelea kubana malango, yakifunguliwa na kufungwa tena, hadi Desemba 2022. Kwenda mjini kulitaka kibali, na simu ionyeshe alama ya kijani ya afya, na kijani hicho mara nyingi kilitegemea kupimwa korona kooni kila baada ya siku mbili tatu. Mgonjwa mmoja akipatikana, bweni zima lingeweza kufungwa asubuhi hiyo hiyo, wala hakuna wa kusema litafunguliwa lini. Mwenye saumu huvumilia kwa kuwa anajua magharibi itaingia. Huyu hakuwa na magharibi. Masomo yakawa ya kusikilizwa kitandani kwenye simu, usingizi ukahamia mchana, na mtu aliyeanza wiki na ratiba ukutani akaimaliza akigombana na mwenzake kwa ajili ya kijiko.

Hata wenyeji walielemewa. Mwaka 2022 wanafunzi wa Kichina walianza kutengeneza mbwa wa makaratasi. Walikata maboksi ya vifurushi, wakayachora macho, wakayafunga kamba shingoni na kuyatembeza uwanjani jioni. Novemba, katika vyuo kadhaa, vijana walitambaa usiku kwa magoti na viganja, wakizunguka duara kwenye nyasi. Video zile zilichekesha watu. Mimi nazichukua kuwa ushahidi: hawa walikuwa kwao, wanasema lugha yao, wana wazazi nchi hiyo hiyo, na bado walihitaji kitu cha kuwangoja mlangoni. Mtoto wa huko kwetu, wa Mambrui au Mtondia, je?

Mtaniambia kufunga kuliokoa roho za watu. Sikatai, ugonjwa ulikuwa unaua. Lakini dawa kuwa ya lazima hakumzuii mtu kusema kwamba ni chungu. Tena uchungu mwingine tuliutia sisi. Tuliwarushia uvumi wa maiti mitaani, tukawaagiza simu, na mmoja akilalamika tukamwambia wapo maelfu wanaoitamani nafasi yake. Akajifunza kuvaa shati safi, akatabasamu kwenye kamera, na tukajisifu kuwa kijana wetu ni jasiri. Hilo ni kosa letu, na tuliache.

Mnaoendelea kuwatuma watoto huku, shikeni haya. WhatsApp haifunguki hapa bila njia ya kuzunguka, basi wekeni WeChat kwenye simu zenu kabla mtoto hajapanda ndege. Saa za huku ziko tano mbele. Mpigieni wakati ule ule kila juma, ili awe na kitu cha kukitazamia. Muulizeni amekula nini, amelala saa ngapi, jua limempiga leo? Mpeni habari za kawaida, nani kaolewa, samaki changu anauzwaje, na msiba msimfiche. Maombi ya pesa yapigiwe simu tofauti. Chukueni namba ya mwenzake wa chumba mapema, na akinyamaza siku tatu mtafuteni kupitia huyo, msingoje mwisho wa mwezi.