Kutoka Marikiti hadi Kibokoni na Karatasi ya Mama

Karatasi tuliyopewa ilikuwa na mistari minne tu, nasi tuliitia mkobani kabla ya kutoka. Binti yetu alikuwa amewaalika wenzake wanne wa madrasa waje kulala kwetu Kibokoni usiku wa kuamkia Jumamosi. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka 13, ana kisukari cha kudungwa insulini, na tangu agunduliwe kuwa nacho hajapata kulala mbali na macho ya mama yake. Mama huyo alifikiri siku tatu ndipo akakubali. Mistari mitatu ya karatasi ilihusu saa za kula, sindano na kipimo. Wa nne ulisema: “Tafadhalini dada zangu, asikatazwe kitu mbele za wenzake.”

Basi tukaamua sinia liwe moja, la wote.

Baada ya sala ya alasiri tulianzia Marikiti, katika lile jengo la mwaka 1914 ambalo kila bibi wa Mombasa amelibebea kikapu. Tulichukua ukwaju, ndimu, tangawizi na karanga za kukaanga wenyewe. Binti yetu alikuja na orodha yake: mabuyu, achari ya embe, kaimati, na soda kwa kila mtu. Mabuyu yalituzuia kidogo. Ubuyu mtupu ni tunda la heri, lenye uchachu wake mzuri; lakini haya mekundu yanayopaka ulimi rangi hadi kesho yake yamepikwa kwa sukari, na si kidogo. Tulinunua fungu moja dogo la kuonja watu watano. Achari aliruhusiwa, ingawa kwa maoni yetu ya siku hizi imezidi pilipili na kupungua embe.

Tulipopita Langoni penye harufu ya iliki na bizari, tukatokea Ndia Kuu, tukaingia duka dogo kutafuta soda. Tulitaka chupa moja tu. Mwenye duka, mzee mwenye kofia ya vito, aliposikia kwamba kuna mtoto mwenye sukari, akarudisha chupa ile ndani ya jokofu na kututolea isiyo na sukari.

“Hapana, ami,” tulimwambia, “tupe ile ile yenye sukari.”

Alitutazama kwa mshangao. Ilibidi tumweleze kama tulivyoelezwa na mama wa mtoto. Chupa ya mililita 300 ina takriban gramu 32 za sukari, yaani vijiko vinane vya chai. Hiyo haifai kuwa kinywaji cha karamu. Lakini anayejidunga insulini huweza kushukiwa na sukari ghafla, hasa usiku, na hapo nusu ya chupa hiyo ndiyo dawa. Isiyo na sukari haimfai kitu. Akiwa amezimia hanyweshwi chochote, hukimbizwa hospitali. Mzee aliifunga chupa katika gazeti, akakataa kupokea pesa yake.

Karibu na Ngome tulinunua kachri za muhogo, zilizonyunyiziwa ndimu na pilipili. Madafu tuliyatamani, tukayaacha. Nayo yana sukari yake ya asili, na kazi ya kuhesabu ilikwisha kutuelemea. Magharibi ilipokaribia tukarejea Kibokoni penye moshi wa mishkaki na karai za viazi, tukamalizia hapo.

Nyumbani tulipika kaimati lakini shira tukaiweka kando katika kibakuli, kila mmoja achovye apendavyo. Juisi ya ukwaju haikutiwa sukari. Bakuli la sukari likakaa pembeni yake. Chai ya tangawizi vivyo hivyo. Tulijiona werevu sana kwa siri yetu.

Siri haikudumu. Kabla ya kula, mgeni wetu alitoa kipimo chake mbele ya wote, akajichoma kidole, akasoma namba, akawaeleza wenzake dalili za kushuka: jasho, kutetemeka, maneno kuvurugika. Wakamsikiliza huku wakigombea viazi karai. Kaimati alikula tatu, akachovya moja.

Saa tisa na nusu usiku binti yetu alitugusa bega. “Mama, anatetemeka.” Mto ulikuwa umelowa jasho. Kipimo kilisoma 3.2, nayo karatasi ilisema chini ya 4 asingojwe. Tulimnywesha nusu ya soda, tukakaa naye sakafuni tukiitazama saa ya ukutani. Dakika kumi na tano zile zilikuwa ndefu kuliko safari yote ya Marikiti. Kipimo cha pili kilisoma 5.1. Tukampa kipande cha bofulo na siagi, kisha tukampigia mama yake, ambaye alipokea simu kabla haijalia mara ya pili.

“Niongee naye,” akasema. Hakusema anakuja kumchukua.

Wasichana wote walikuwa macho. Walikula kachri zilizosalia hadi adhana ya alfajiri. Asubuhi, mama alipofika tukiwa juu ya mahamri na mbaazi, aliiona chupa iliyobaki nusu. Akaipeleka mwenyewe jikoni, akauliza mwaliko wa pili ni lini.