Shamba Katika Sanduku

Binadamu ni mwepesi wa kukihesabu alichokosa, na mzito wa kukitumia alichonacho. Simsuti mtu mwingine kwa maneno haya. Najisuta mwenyewe, kwa kuwa kwa miaka mingi nilikuwa mlalamikaji hodari kuliko mkulima. Msomaji, ikiwa umezaliwa katika miteremko ya Mlima Kenya, upande wa Meru au wa Embu, yamkini umekwisha kusikia nyumbani kwenu lalamiko kwamba ardhi imekwisha. Nami nililisema mara nyingi. Nataka kukusimulia jinsi sanduku moja la mbao lilivyonifanya nilitazame upya lalamiko hilo.

Nchi yetu ni njema. Udongo wa miteremko hii ni mwekundu na wenye kina kirefu. Mito hushuka kutoka mlimani. Na mvua huja mara mbili kwa mwaka, kwanza kati ya Machi na Mei, kisha kati ya Oktoba na Desemba. Chai na kahawa hustawi, na migomba pia. Lakini wema wa nchi hauongezi upana wake. Babu yangu, aliyeishi Imenti, alipata hati ya ekari 6 baada ya vipande vyake vilivyotawanyika kukusanywa pahali pamoja. Kazi hiyo ya kuunganisha mashamba ilitokana na mpango wa mwaka 1954, unaoitwa kwa jina la Swynnerton, ofisa wa kilimo aliyeuandika. Babu alikuwa na wana watatu, kwa hiyo baba yangu alirithi ekari 2. Baba naye alituacha watoto wanne, na kila mmoja wetu akapata nusu ekari. Hesabu hii haina uchawi ndani yake. Mwaka 1962 Kenya ilikuwa na watu wapatao milioni 8.6, mwaka 2019 walihesabiwa milioni 47.6. Katika hesabu hiyo ya pili, Meru ilikuwa na watu 1,545,714 na Embu 608,599. Watu huzaa watu, lakini ardhi haizai ardhi.

Baada ya mgawanyo, ugomvi ulizuka baina yangu na ndugu yangu mkubwa. Palikuwa na ukanda wa ardhi mpakani mwetu, upana wake hatua 2 na urefu wake hatua 40. Yeye alisema ni wake, nami nikasema ni wangu. Mimea ya mpaka iling'olewa usiku, ikapandwa tena, ikang'olewa tena. Mama yetu alisihi, hakusikilizwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuhamia mji wa Embu kwa ajili ya kazi, na kila mwezi niliweka akiba kidogo kwa nia ya kumlipa mpima ardhi na kufungua kesi. Nilijiona mtu wa haki, na pengine haki ilikuwa upande wangu. Lakini haki inaweza kushikwa kwa namna inayomwumiza mwenye kuishika kuliko yule anayedaiwa.

Huko Embu nilipanga chumba kimoja katika safu ya vyumba vinane. Uani palikuwa na kamba za kuanikia nguo, bomba moja la maji, na pembe tupu iliyopata jua tangu asubuhi hata alasiri. Kila jioni nilinunua fungu la sukuma wiki kwa mama mmoja barabarani. Jirani yangu mmoja alikuwa seremala mzee. Siku moja alinitazama nikirudi na fungu langu, akasema, “Mwanangu, kila jioni unanunua majani kama mtu asiye na mikono.”

Nikamjibu, “Mzee, nitapanda wapi? Hapa hakuna shamba.”

Hakubishana nami. Kesho yake aliniletea mabanzi ya mgrevilea, yaani vile vipande vya pembeni vinavyobaki gogo linapopasuliwa. Mti huu ulitoka Australia, lakini leo umesimama mipakani mwa mashamba yetu kana kwamba uliumbwa hapa. Tulipiga misumari, tukapata sanduku la urefu wa futi 4, upana wa futi 2 na kina cha futi 1. Nikalipaka nje na ndani oili chafu iliyotolewa katika injini ya gari, maana nyumbani nilikuwa nimeona watu wakipaka nguzo vivyo hivyo ili zisiliwe na mchwa. Nikalijaza udongo mwekundu mtupu, nikapanda miche minane, nikaimwagilia maji mengi asubuhi na jioni. Nilijiona mkulima kamili.

Baada ya majuma mawili majani yalikuwa ya manjano. Baada ya majuma matatu miche mitano ilikuwa imekufa. Nilimwita mzee. Alichomeka kidole katika udongo, kikagoma kuingia, kwa kuwa ulikuwa umeshikamana kama tofali. Kisha akainama, akanusa ubao. “Mwanangu,” akasema, “umelinda ubao, umesahau mboga.”

Msomaji, maneno hayo yalinifuata hadi kitandani. Usiku ule niliuona ule ukanda wa hatua 2 kwa 40. Nilikumbuka kwamba nusu ekari yangu, ambayo hakuna aliyenibishia, ilikuwa imejaa majani pori tangu nilipoondoka. Nilifanya hesabu. Nikichukua hatua moja kuwa futi 3, ukanda ule ungetosha masanduku 90 kama langu. Nilikuwa tayari kumshitaki ndugu wa tumbo moja kwa ajili ya mahali pa masanduku 90, nami nilikuwa sijaweza kulitunza moja. Nilitaka ardhi ili niwe nayo, si ili niilime. Nililinda mpaka, nikasahau shamba.

Sanduku la kwanza tulilibomoa, na udongo wake tukautupa mbali na mboga, kwa sababu oili ya injini ni sumu kwa mimea nayo haifai kukaribia chakula cha watu. La pili tulilitengeneza kwa akili zaidi, nami nakueleza namna yake, huenda ikakufaa. Mbao zisipakwe kitu. Zitaoza baada ya miaka michache, na hilo si kosa, utapigilia nyingine. Chini toboa matundu kwa keekee, na uliinue sanduku juu ya mawe, ili maji yapate njia ya kutoka na mchwa wasipande bila kuonekana. Udongo wetu mwekundu ni mzuri shambani, ambako mizizi ya miti na minyoo huufungua; ndani ya sanduku hugandamana. Kwa hiyo changanya ndoo 2 za udongo, ndoo 1 ya samadi iliyooza vizuri, na ndoo 1 ya kitu cha kuulegeza. Sisi tulitumia makapi ya mpunga kutoka Mwea, ambako si mbali na Embu. Samadi mbichi usiitie, maana huunguza mizizi. Tena chagua mahali kabla hujajaza. Sanduku la kiasi hiki likishiba udongo na maji huzidi kilo 250, nawe utaliomba lisogee bure.

Miche ya sukuma wiki niliipanda kwa nafasi ya futi moja, minne kwa mistari miwili. Pembeni nilitia mbegu za mchicha na dania, ambazo hukomaa upesi na kuondoka kabla mboga kubwa hazijatanuka. Maji hukauka haraka katika sanduku kuliko shambani, kwa hiyo nilijifunza kuujaribu udongo kwa kidole kila asubuhi: ukiwa mkavu nilimwagilia, ukiwa na unyevu niliuacha. Vidukari walipokuja chini ya majani, niliwaosha kwa maji yenye sabuni kidogo. Mchicha nilianza kuuchuma kabla mwezi haujaisha, na sukuma wiki ilifuata. Nilichuma majani ya chini tu, nikaacha kilele kiendelee kukua, na kila shina likanipa majani kwa miezi mingi.

Usidhani nasema kwamba sanduku ni dawa ya ukosefu wa ardhi. La, hasha. Sanduku halitoi mahindi ya kusaga, wala maharagwe ya mwaka, wala karo ya shule. Mtu aliyenyang'anywa ardhi yake kwa hila akiambiwa akapande mboga katika sanduku, huyo ametukanwa. Haki ya ardhi ni jambo kubwa, na mahakama na mabaraza ya wazee, kama lile la Njuri Ncheke kule Meru, yana kazi yake. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Nasema kwamba mtu asiyejua kuitunza futi moja, hata akipewa ekari mia atazipoteza. Na kwamba anayeanza na futi moja hujifunza kulipambanua dai lenye maana na dai la kiburi.

Hata mijini watu wengi wamelijua jambo hili kwa shida zao. Katika Kibera, Nairobi, ambako nyumba zimebanana, watu wamekuwa wakipanda sukuma wiki katika magunia yaliyojazwa udongo na kutobolewa pembeni, na kilimo hicho kilienea sana baada ya machafuko ya mwaka 2008, chakula kilipokuwa adimu. Hawakungoja nafasi iwe pana. Walipima waliyonayo, wakaanza.

Miezi minne baada ya sanduku la pili, nilipanda gari kwenda nyumbani kwa njia ya Runyenjes, Chuka na Nkubu, barabara inayoshuka na kupanda mabonde bila kuchoka. Nilibeba fungu la mboga zangu. Mama alilipokea, akaligeuza mikononi, akauliza nimelinunua wapi. Nilipomwambia nimelima, alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Jioni ile nilimwomba awaite ndugu yangu na wazee wawili wa jirani. Mbele yao nilisema kwamba mpaka uwe pale anaposema ndugu yangu, na mama apande mimea ya mpaka kwa mkono wake mwenyewe.

Sitakudanganya kwamba tulikumbatiana. Ndugu yangu alinitazama kwa mashaka kama mtu anayetafuta mtego. Nami moyoni niliona uchungu, maana si rahisi kuacha ulichokiamini kuwa ni chako. Maneno makali tuliyokuwa tumeambiana hayakufutika kwa siku moja. Lakini fedha ya kesi ililipa vibarua wa kufyeka nusu ekari yangu, nami nikarudi likizo ile ile kupanda maharagwe na viazi.

Mwanzoni mwa mvua za Oktoba, dereva wa matatu aliniita stendi ya Embu. Alikuwa na gunia lililofungwa kwa kamba ya mgomba, limetumwa kutoka nyumbani. Halikuwa na barua. Nililifungua uani, na seremala mzee akaja kutazama. Ndani yake mlikuwa na samadi ya mbuzi, iliyooza vizuri, nyeusi, isiyo na harufu. Mama yangu hafugi mbuzi. Ndugu yangu anafuga.

Msomaji, sijui wewe unaishi wapi, wala urithi wako ni ekari ngapi au futi ngapi. Siku moja utaitazama nafasi uliyopewa, nawe utaiona ndogo. Usikimbilie kupima ya jirani. Pima yako kwanza, kisha uitie mkono. Samadi ile niliichanganya siku hiyo hiyo, nikapanda miche minane mingine, na fungu la kwanza nililolichuma nililituma Imenti kwa gari lile lile.