Mama anataka kuhamia Visiga

Nimepotea, najua. Tesiti ziliandamana, na bumu nalo limekata kabla ya mwezi kwisha, mambo yale yale. Leo sina stori za kampasi. Jumamosi nilikwenda Visiga na mama kuangalia kiwanja, na tangu nirudi nafungua notsi za saikolojia ya elimu lakini kichwani ni hesabu za nauli tu.

Kwa wasiopajua: unapanda gari za Mlandizi pale Mbezi, kituo cha Magufuli. Mnapita Kibamba, Kiluvya, mnaingia Maili Moja, mnaiacha Kibaha mjini nyuma, mnaendelea na barabara ya Morogoro mpaka ilipo ile seminari ndogo ya Mtakatifu Maria. Mimi Visiga nilikuwa naijua kama jina la seminari tu. Kumbe ni kata, ya Halmashauri ya Mji wa Kibaha, na watu wa Dar wanahamia.

Mama amepanga Manzese karibu miaka 20, nyumba tatu tofauti. Safari hii mwenye nyumba amepandisha kutoka elfu 60 hadi elfu 80 kwa mwezi na anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Mama hakugomba. Alitoa hela, akarudi ndani, akaniambia kwa simu, "Jumamosi usipange kitu."

Sasa mjue huyu mama na viwanja wana historia. Mwaka 1998, mimi sijazaliwa, marehemu baba alitaka kununua kiwanja Mbezi. Mama akakataa katakata, akauliza nani atakwenda kulala na nyani. Leo tunashuka Mbezi tunakuta stendi ya mabasi ya mikoani iliyofunguliwa 2021, maghorofa, barabara pana mpaka unaogopa kuvuka. Kila tukipita hapo mama anaangalia upande wa pili. Mimi huwa najifanya nachezea simu.

Upande mwingine kuna mjomba. Yeye hakuogopa nyani, alijenga Kimara, tena mbele kabisa, barabarani, fremu mbili za duka na vyumba nyuma. Mwaka 2017 hifadhi ya barabara ikapimwa mita 121.5 kutoka katikati ya lami, nyumba za Kimara mpaka Kiluvya zikawekwa alama ya X, zikabomolewa. Nilikuwa darasa la saba. Nakumbuka mjomba akipanga mabati kwenye gari kimya kimya, anayapanga vizuri kama mapya. Kwa hiyo kwetu ukitaja "kiwanja karibu na lami" watu hawashangilii.

Basi dalali akatupokea. Kijana mchangamfu, shati limepigwa pasi. "Mama, ni dakika tano tu kutoka lami." Kweli zilikuwa dakika tano, za bodaboda! Kurudi nilitembea makusudi, nikatumia dakika 35 na viatu vimejaa mchanga. Akatuambia pia treni ya umeme "iko hapo Soga". Ni kweli tangu 2024 treni ya SGR inafanya kazi na Soga kuna stesheni, lakini "hapo" ya dalali ni neno refu sana jamani.

Viwanja vilikuwa viwili, vyote 20 kwa 20. Kimoja kimepimwa, kina bikoni, milioni tano na nusu. Kingine hakijapimwa, kina mikorosho miwili, milioni tatu, "karatasi tunaandikishana serikali ya mtaa". Mama ana milioni tatu na laki mbili za kikoba. Mnaona wenyewe macho yalikuwa wapi.

Hapo mwalimu mtarajiwa nikatoa kalamu. Mama anauza vitumbua Manzese, ndivyo vilivyonisomesha. Ili saa 12 asubuhi moto uwe unawaka, Visiga angetoka saa 9 usiku. Nauli siku ile tulitumia kama elfu sita kila mmoja kwenda na kurudi. Zidisha kwa siku 26: laki moja na elfu 56. Karibu mara mbili ya kodi anayoikimbia! Na maji ni ya kununua kwa ndoo kisimani kwa jirani, wakati mtambo wa Ruvu Juu unaolisha mji uko hapo mbele tu, Mlandizi. Nikamwonyesha karatasi, najisikia kweli kweli.

Akaisoma. Akanirudishia.

"Wewe ukimaliza utapangiwa Sumbawanga huko, au utakaa miaka unasubiri ajira. Mimi nikizeeka nimwambie nini mwenye nyumba?"

Sikuwa na jibu. Mpaka sasa sina. Nilichoweza kusema ni kwamba kile chenye mikorosho asilipe hata shilingi kabla hatujafika ofisi ya ardhi ya halmashauri, tujue eneo limepangiwa nini, tumjue na muuzaji mwenyewe badala ya dalali. Kama ni lazima, tusubiri mwaka mmoja, kikoba kigawanywe tena, achukue chenye bikoni. Akasema mwaka mmoja ni kodi mara mbili. Hesabu zake na zangu zote ni sahihi, ndiyo shida.

Halafu akaniacha na dalali akaenda kwa jirani mwenye kisima. Nilidhani anaulizia maji. Nikamsikia anauliza, "Mama fulani, huku asubuhi watu mnakunywa chai na nini?"

Yule mama akacheka. "Viporo, dada yangu. Na mihogo. Mandazi mpaka lami."

Kwenye gari hakusema kitu tangu Visiga mpaka Kiluvya. Mimi nilishaanza kusinzia dirishani. Akanigusa bega.

"Hivi mchele wa vitumbua Mlandizi wanauzaje kilo?"

Jumatatu sina kipindi asubuhi. Tunakwenda ofisi ya ardhi.