Safari Yangu ya Kigali kwa Pikipiki

Wako watu wapendao mpira, na wako wapendao kuvua samaki au kucheza bao. Mimi napenda pikipiki. Tangu nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya wamisionari, ambako padre mmoja alikuwa na pikipiki kuukuu iliyohitaji kusukumwa na wavulana kila asubuhi, nimependa mlio wake, harufu yake ya mafuta, na jinsi inavyomfikisha mtu mahali pasipofika gari. Nilipoajiriwa kuwa karani wa serikali mjini Kakamega niliweka akiba kwa miaka mitatu, nikanunua Yamaha ya cc 125. Mpaka leo naiosha kwa mikono yangu mwenyewe kila Jumamosi.

Mwezi wa Agosti mwaka 2023 nilipata likizo ya majuma matatu. Nilipowaambia wenzangu ofisini kwamba nakwenda Rwanda kwa pikipiki, safari ya karibu kilomita 800 kwenda tu, walicheka wakaniuliza kama nauli ya basi imenishinda. Mama yangu hakucheka. Aliniuliza neno moja tu, "Utambeba nani?" Nikamjibu kwamba nakwenda peke yangu. "Basi nenda salama," akasema. Sababu ya swali lake nitaieleza mbele.

Mpakani Busia

Toka Kakamega nalipita Mumias katikati ya mashamba ya miwa, nikafika Busia kabla ya saa nne asubuhi. Siku hizi kuvuka mpaka si taabu kama zamani. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kutembelea nchi hizo tatu kwa kuonyesha kitambulisho, na katika kituo cha pamoja kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018 maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Kwa ajili ya pikipiki nilionyesha kitabu chake, nikaandikiwa karatasi za forodha, nikatoa na kadi ya manjano ya bima itumikayo katika nchi za COMESA.

Ni katika mpaka huu ndipo jina la bodaboda lilipoanza. Vijana wenye baiskeli walikuwa wakiwabeba wasafiri na mizigo yao katika nafasi iliyo baina ya vituo viwili vya forodha, wakiita, "Boda! Boda!", yaani toka mpaka hadi mpaka. Niliziona bado baiskeli chache za namna hiyo, zenye kiti cha nyuma kilichotiwa sponji, ingawa pikipiki zimezishinda kwa wingi.

Uganda

Mtu apendaye pikipiki hawezi kuchoka katika barabara za Uganda. Nyingi ni Boxer, zitengenezwazo na Bajaj ya India, kama zile za kwetu. Lakini namna zinavyotumiwa ni ajabu. Niliona moja imebeba mikungu ya matoke hata mwendeshaji haonekani, na nyingine imebeba kitanda kizima. Nilikula kuku wa kuchoma wa kijiti pale Namawojjolo, nikaingia Kampala, ambako pikipiki hupenya katikati ya magari kama maji yapitavyo katika mawe. Baadhi ya waendeshaji walivaa kofia za rangi ya machungwa na kuwapa abiria wao kofia, lakini wengine wengi walikuwa vichwa wazi, na abiria wawili, hata watatu, nyuma yao.

Kesho yake nilipita mstari wa ikweta pale Kayabwe, kisha Masaka na Mbarara, nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Huko pikipiki hubeba madebe ya maziwa, mawili kila upande. Nililala Kabale, mji wa milimani wenye baridi kali, na asubuhi vidole vyangu vilikataa kushika klachi mpaka nilipokunywa chai.

Kigali

Ukivuka mpaka wa Katuna mambo mawili hubadilika mara moja. Saa yako unairudisha nyuma kwa saa moja, na barabara unaifuata upande wa kuume badala ya kushoto. Nilikwenda polepole sana, nikisema kimoyomoyo, "Kulia, kulia," huku nikipita bonde la mashamba ya chai la Mulindi. Baada ya kilomita 80 hivi niliona vilima vya Kigali.

Siku ya pili niliiacha Yamaha yangu ipumzike, nikaita pikipiki ya abiria pale Nyabugogo inipeleke soko la Kimironko. Waendeshaji huitwa motari. Huyu wangu alivaa fulana yenye namba, na pikipiki yake ilikuwa TVS iliyong'aa kama sahani. Kabla sijapanda alinikabidhi kofia ngumu, ile tuiitayo helmeti. Ilikuwa nzito, na ilinuka jasho la watu niliowatangulia kuwahukumu. Nikaivaa bila kufunga ukanda wa kidevuni. Hakuondoka. Alisema kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa ya serikali nchini humo mwaka 2017, "Kaka, funga kwanza." Nikafunga.

Tulipokuwa tukipanda kilima jua lilikuwa kali, nikaulegeza ule ukanda nipate hewa. Akaniona katika kioo. Alisimama kando ya njia, akazima injini, akageuka. Hakukasirika. "Polisi akituona, faini ni yangu," akasema. "Tukianguka, kichwa ni chako." Akangoja mpaka nimefunga tena, kisha akaendelea na safari.

Wasomaji wapenzi, pale kando ya njia nilishikwa na haya ambayo yule motari hakuweza kuijua.

Jambo la mwaka 2016

Mwaka 2016, siku ya Jumapili, nilimbeba mdogo wangu kumrudisha shuleni. Alikuwa katika kidato cha nne. Mimi nilivaa kofia. Yeye hakuvaa, kwa kuwa sikuwa na kofia ya pili. Kusema kweli sikupata hata kufikiri kuinunua, ingawa mwezi uliotangulia nilikuwa nimenunua vioo vipya na kifuniko cha kiti. Hatukwenda mbio. Mbuzi alikatiza njia, nikashika breki, gurudumu likateleza juu ya changarawe, tukaanguka. Mimi niliinuka nikajipangusa vumbi. Yeye hakuinuka.

Alilazwa hospitalini majuma sita. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini kijana aliyekuwa wa kwanza katika hesabu sasa husahau alichotumwa dukani, na mtihani wake hakuufanya mwaka ule wala uliofuata. Mama hakunilaumu hata siku moja. Ila tangu hapo, kila niwashapo pikipiki, huuliza, "Utambeba nani?"

Na mimi ni karani wa serikali! Sheria ya Trafiki, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, inataka mwendeshaji na abiria wote wawili wavae kofia na fulana ya kumetameta, na abiria awe mmoja tu. Nilikuwa nimeyapiga chapa kwa vidole vyangu matangazo ya kuwakumbusha watu wa bodaboda sheria hiyo. Niliyajua maneno, sikuyatenda.

Kigali nilikaa siku saba. Niliona pikipiki za umeme zisizo na mlio wala gia, ambazo mwendeshaji hubadilisha betri kituoni kwa dakika chache akaendelea na kazi. Niliona pia Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, watu wakifanya kazi za jumuiya na barabara zikiwa kimya mpaka saa tano. Sisemi kwamba huko hakuna ajali, wala kwamba motari hawana malalamiko. Mwezi wa Januari mwaka 2022 waligoma kwa ajili ya mita za kuhesabia nauli. Lakini katika siku hizo saba sikumwona abiria wa pikipiki aliye kichwa wazi. Wanawake waliosuka nywele walitanguliza kitambaa, kisha wakavaa kofia. Visingizio tuvitoavyo sisi, yaani joto, harufu, nywele, na ufupi wa safari, wao pia wanavyo. Wamekataa tu kuvitumia.

Kurudi nyumbani

Kabla ya kuondoka nilinunua kofia ya pili, mpya, nikaifunga kwenye keria. Pale Busia ofisa wa forodha aliniuliza, "Mbona una kofia mbili na u peke yako?" Nikamwambia kwamba nyingine ina mwenyewe.

Mdogo wangu hakuwa amepanda pikipiki kwa miaka saba. Nilipompa ile kofia aliigeuzageuza, akacheka, akauliza kama twaweza kwenda sokoni na kurudi. Mama alikuwa uani akichambua maharagwe. Niliwasha injini, nikangoja swali lake. Safari hii hakuuliza. Aliinuka, akaja akamfunga mwanawe ukanda kwa mkono wake, akauvuta mara mbili kuona kama umeshika. Tulikwenda sokoni, tukanunua sukari, tukarudi. Mdogo wangu aliikumbuka sukari.

Sasa wasomaji, hasa ninyi mlio na pikipiki za kupelekea maziwa au kuendea kazini, naomba kusema neno. Mwaka 2008 wataalamu waliokusanya matokeo ya tafiti nyingi walikuta kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Watu husema ajali haina kinga. Huenda ni kweli. Mbuzi hakati shauri na mtu kabla ya kuvuka njia. Lakini kichwa kina kinga, nayo hununuliwa dukani. Ikiwa una fedha ya kununua vioo vya urembo, unayo ya kofia ya pili. Inunue kabla ya kumpandisha mtu, na usiondoke mpaka amefunga ukanda.