Kasha Tupu la Marani

Bismillahi Rahmani Rahim.



Juma hili naomba idhini yenu niyaweke kando mas'ala ya ndoa na mirathi, niwasimulie safari yangu ya Marani. Nimeona niiandike kwa sababu mbili. Ndani yake mna jambo la deni linalozigusa nyumba zetu nyingi, na mna kosa langu mwenyewe nikiwa mzazi, ambalo si haki kulificha ilhali kila Ijumaa nawausia wenzangu.

Marani ni mji mdogo wa soko katika kaunti ya Kisii, nchi ya vilima, migomba na mashamba ya chai. Kwa mtu wa pwani kama mimi, jioni za huko hazivumiliki bila ya sweta. Huko ndiko alikoolewa binti yangu wa pili. Mumewe ni mwalimu, na yeye binti anasoma Chuo Kikuu cha Kisii, huenda na kurudi kwa matatu, akimwacha mtoto kwa mama mkwe wake, Mungu amjazi kheri.

Usiku mmoja alinipigia simu. Baada ya shikamoo na kuulizana hali, akaniambia kompyuta yake ya kupakata, hii tuiitayo laptopu, imekufa. Kazi yake ya mwisho ya masomo ilikuwa imebakiwa na miezi miwili, na alikuwa ameanza kufikiri kuahirisha mwaka mzima. Laptopu ile alikuwa ameinunua kuukuu kwa muuzaji mmoja aliyemwambia ina RAM ya GB 8. Fundi alipoifungua alikuta GB 4 tu, na diski iliyochoka. Pesa zilikwisha kwenda, na muuzaji hakupatikana tena kwa simu.

"Nimepata duka wanaokopesha, Baba," akasema. "Nakutumia mkataba uutazame."

Nikausoma mkataba ule kwa miwani yangu miwili. Laptopu mpya kwa taslimu ilikuwa shilingi 42,000. Kwa awamu 12 za shilingi 4,600 ilifika 55,200. Hapo ndugu zangu tufahamiane vyema. Wanazuoni wengi wameruhusu kuuza kwa awamu kwa bei iliyozidi ile ya taslimu, maadamu bei imekatwa na kukubaliwa siku ya mauzo na haibadiliki tena. Kwa hiyo si zile 13,200 za ziada zilizonitisha. Kilichonitisha kilikuwa kifungu cha tisa, kwa maandishi madogo: mnunuzi akichelewa, deni lililosalia huongezewa asilimia tano kila mwezi. Kuongeza deni kwa sababu ya kuchelewa ndiyo riba yenyewe ya zama za ujahilia. Katika Suratul Baqarah, aya ya 280, Mwenyezi Mungu ameagiza kinyume chake: mdaiwa akiwa na dhiki, apewe muhula mpaka apate wasaa.

Nikamwambia, "Usitie sahihi, mwanangu."

"Basi kuna njia nyingine, Baba. Niinunue tupu, nijaze mwenyewe."

Akanieleza. Ofisi nyingi za Ulaya huziuza laptopu zao zikishatumika miaka michache, na nyingi huishia kwetu. Wimbi hilo lilizidi pale kampuni ya Microsoft ilipositisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwani mashine nyingi nzima zilionekana zimepitwa na wakati. Baadhi hufika bila ya diski, kwa kuwa wenyewe huzing'oa ili kulinda siri zao, na nyingine hung'olewa RAM hapa hapa. Kinachobaki ni kasha: kioo, kibodi, ubao mkuu na kichakato. Hilo huuzwa rahisi, na mnunuzi hutia viungo vilivyosalia kadiri anavyopata. Huko Marekani kampuni iitwayo Framework ilianza mwaka 2021 kuuza laptopu mpya kwa mtindo huo huo, mnunuzi akipenda huletewa bila ya RAM wala diski, ajitilie mwenyewe.

Nami nikamjibu kwa neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Hiyo ni kazi ya wanaume, mama. Mwite fundi."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, Baba."

Nilipokata simu nikakumbuka kwamba "haya" ile nilikwisha kuisikia zamani. Alipokuwa kidato cha pili, wakati wa kuchagua masomo, aliniletea fomu akitaka kusoma kompyuta. Nikaifuta kwa mkono wangu, nikaandika sayansi kimu. Sikumuuliza sababu, wala sikumpa yangu. Alisema "Haya, Baba" kwa sauti ile ile.

Mwenyewe hakungoja fundi. Mwanzo wa mwezi akalinunua kasha kwa shilingi 9,500, akiba yake ya kushona. Mwisho wa mwezi mumewe akanunua diski ya SSD ya GB 256 kwa 3,200. Ikabaki RAM, nami kwa kutaka kujisafisha nafsi nikasema RAM ni juu yangu, nitaileta mwenyewe. Nikaingia duka moja Mombasa, nikalipa shilingi 1,500, nikaifunga ndani ya kilemba, nikapanda basi. Hapakuwa na wa kunilaumu ila mimi, maana sikumuuliza binti yangu ni ya namna gani. Nilidhani RAM ni RAM.

Jioni niliyofika Marani, baada ya Isha, tulikaa watatu mezani. Umeme ulikuwa umekatika, nikapewa simu niimulike. Binti yangu aliliondoa kwanza zulia la meza, akabakisha mbao tupu. Akagusa chuma cha dirisha kabla ya kushika chochote, akanieleza kwamba mwili hubeba umeme mdogo, ule unaotatarika tunapovua sweta, na cheche tusiyoihisi sisi yaweza kuua kifaa. Akafungua skrubu kwa bisibisi ndogo, akizipanga moja moja ndani ya trei ya mayai kwa mpangilio wa zilikotoka, kwa kuwa baadhi ni ndefu na ndefu ikirudishwa mahali pa fupi hutoboa. Akauinua mfuniko kwa kadi ya plastiki, na jambo la kwanza alilofanya ni kuchomoa waya wa betri.

Diski iliingia bila ya shida. Kisha akaipokea RAM yangu, akaitazama, akanyamaza.

"Kuna nini?"

"Hii ni DDR3, Baba. Kasha linataka DDR4."

Nikamwambia naona zinafanana, hebu ajaribu. Nikaichukua mwenyewe, nikaiweka, nikaanza kukandamiza kwa kidole gumba. Akanishika mkono, polepole kama anavyomshika mwanawe.

"Usilazimishe, Baba. Tazama hili pengo."

Nikatazama. Kadi ina pengo dogo kwenye ukingo wake wa dhahabu, na tundu lake lina kinundu kinacholingana nalo. Kila kizazi cha RAM pengo lake liko mahali pake, kusudi isiyostahili isiingie. Ningalisukuma zaidi ningalivunja tundu, na shilingi 9,500 za mshono zingalikwenda. Miaka thelathini nimekaa mbele ya wanafunzi nikiwaambia wasijibu wasilolijua, na usiku ule nilisahihishwa na mtoto niliyemfutia fomu.

Asubuhi tukateremka mjini Kisii kwa fundi aliyemuuzia kasha. Nilitaka kumwona. Nilipouliza hali ya mashine ile, alitoa daftari akanionyesha ukurasa alioutia sahihi siku ya mauzo: betri hudumu saa moja, bawaba ya kushoto imelegea, hakuna RAM, hakuna diski. Yote yameandikwa kabla pesa hazijatolewa. Si Mwislamu fundi yule, lakini nilisimama pale nikiikumbuka ile habari tuliyoisoma katika Sahih Muslim, ya Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alipopita sokoni akautia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye mali alitoa udhuru wa mvua. Akaulizwa mbona hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, na akaonywa kwamba mwenye kudanganya si katika sisi. Yule wa GB 8 aliuficha unyevu chini. Huyu wa Kisii aliuweka juu, na kasha lake lilikuwa wazi mtu autie mkono.

Akaipokea RAM yangu, kwa kuwa laptopu za zamani bado zinaihitaji, nikaongeza shilingi 1,200, akanipa DDR4 ya GB 8. Jumla ya mashine nzima ikawa shilingi 15,400, na hakuna anayetudai.

Usiku wa pili sikushika kitu ila tochi. Aliitia kadi kwa kuinamisha kidogo, akaisukuma hadi dhahabu ikazama, kisha akailaza chini mpaka vibanio viwili vikalia "tak" pande zote. Akarudisha betri, akafunga, akawasha. Kioo kikabaki cheusi. Nikaanza kuvuta uradi kimya kimya. Mkwe wangu akanyosha mkono atake kuizima, binti akamzuia, akasema RAM mpya huchukua muda mashine kuitambua. Kitambo hivi, maandishi meupe yakatokea yakisema hakuna mfumo. Nikadhani ni balaa, wenyewe wakacheka kwa furaha.

Mfumo aliutia kutoka kwenye flashi aliyoitayarisha chuoni: Ubuntu, ambao hautozwi pesa na wala hauhitaji kuibiwa, jambo lililonipendeza zaidi, maana programu za wizi zimekuwa kama maji katika nyumba zetu. Ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la lugha za huko lenye maana ya utu wetu.

Ulipokuwa unajipanga, nikasema niliyokuja kuyasema. Nikamwambia, "Mwanangu, ile fomu ya kidato cha pili, nilikosea. Nisamehe."

Hakuinua macho. Akasema, "Nimesamehe zamani, Baba. Mulika hapa, skrubu moja haijaingia."

Kina mama wenzangu katika imani, mkitaka kuifuata njia hii, mambo ni machache. Ulizeni kwanza kama RAM ya kasha hilo inatoka, kwani mashine nyingine imechomelewa kwenye ubao na haiongezeki. Ombeni kuona ndani kabla ya kulipa, na aibu za mali ziandikwe, kwani sharia imempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa, na maandishi ndiyo ushahidi wenu. Nunueni kiungo kwa kiungo kadiri ya riziki. Na aliye na binti anayejua, amuulize yeye kabla ya kwenda dukani.

Nami nina mtihani wangu nyumbani. Kitinda mimba wangu yumo darasa la tisa, na shule imeleta karatasi ya kuchagua mkondo wa masomo. Niliporudi kutoka Marani niliikuta juu ya meza yangu ikingoja kalamu. Nimemrudishia mwenyewe, nikamwambia aijaze, kisha aje anieleze sababu zake nami nimsikilize. Leo ni siku ya tatu, bado anafikiri, na mimi nangoja.

Mwenyezi Mungu atuepushe na riba na vumbi lake, atulipie madeni yetu kwa halali, na atupe vifua vipana vya kuwasikiliza watoto wetu, wa kike na wa kiume. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.