Herufi Nne na Kalamu Nyekundu

Chama chetu kilipoazimia kuandaa kamusi elezo ndogo ya sayansi kwa Kiswahili, mimi nilitwikwa dhima ya uhariri. Mwenzetu mmoja anayesomea Kiswahili pamoja na biolojia akaniletea kitomeo cha KDEL. Nilikifyeka siku iyo hiyo, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: “Nani atakitafuta?”

Nakiri kwamba sikuwa nimekisoma hadi tamati. Kilichonikera ni neno motifu, ambalo sisi wanafasihi tumezoea kulihodhi. Kumbe wanabiolojia nao hulitumia kwa maana isiyo mbali na yetu: mfuatano mfupi wa asidi amino unaojirudia katika protini mbalimbali, mithili ya safari inavyojirudia katika ngano. Herufi K, D, E na L zawakilisha lisini, asidi aspatiki, asidi glutamiki na lusini. Mnamo mwaka 1987, Sean Munro na Hugh Pelham walionyesha kuwa mkia huo wa herufi nne huzuia protini fulani zisitoke nje ya seli. Makao ya protini hizo ni retikulamu ya endoplazimu, ambamo protini nyingine hukunjwa zikapata umbo. Zikiponyoka hadi kwenye Golgi, hutambuliwa kwa mkia wao na kurejeshwa. Katika hamira, K hubadilika kuwa H.

Hayo, nilishikilia, yatoshe sentensi mbili chini ya kidahizo “seli”. Mwenzangu hakubishana nami. Alinifunulia tu aya ya mwisho: sumu ya bakteria wa kipindupindu nayo ina KDEL kwenye ncha ya kipande chake kimoja, na mkia huo huisaidia kurudishwa hadi ndani kana kwamba ni mwenyeji! Basi habari hii tuiweke wapi? Chini ya seli, ya hamira, au ya kipindupindu? Popote tuiwekapo, nusu yake itakosekana.

Sisemi kila motifu ipewe kitomeo. Hifadhidata ya PROSITE pekee ina ruwaza zaidi ya elfu moja, na nyingine hazina la kuelezwa kupita sentensi moja. Hizo zikae chini ya vidahizo vikubwa. Ninachouliza sasa ni iwapo maelezo yatavunjika yakihamishiwa kwingine. Suala la umaarufu nimeliweka kando, hasa nikikumbuka kwamba jamaa zangu waliniuliza swali lilo hilo la “nani atakitafuta” nilipochagua kusomea Kiswahili.

Kitomeo nimekirejesha. Tungali tunazozana na mwenzangu, safari hii kuhusu kidahizo chenyewe: yeye ataka kibaki KDEL, mimi napendekeza “mkia rejeshi”, naye asema hakuna mwanabiolojia atakayeutambua.